Kibao Chini ya Picha ya Baba

Binti alirudi kutoka ziara ya shule na hakumsalimia babu yake. Hilo peke yake lilitosha kumshtua mama yake. Hata siku akiwa amenuna na dunia nzima, mtoto huyo hakosi kuchungulia chumba cha mzee na kumrushia salamu, naye mzee, tangu kiharusi kimfunge ulimi na upande mzima wa kulia, huijibu kwa kupepesa macho mara mbili. Leo alipita moja kwa moja, akatupa begi chini ya meza ya kukatia vitambaa, akasimama mbele ya cherehani.

"Mama, babu alikuwa msaliti?"

Mama mtu, fundi cherehani anayeshonea pale pale sebuleni, alikuwa anatia zipu kwenye sketi ya mteja mwenye haraka. Mguu wake ulisimama juu ya pedali.

"Msaliti wa nini? Nani kakwambia upuuzi huo?"

"Imeandikwa. Pale chuo kikuu, kwenye kile kituo cha historia na urithi. Picha yake iko ukutani, kubwa kama mlango, na kibao chini yake. Mwalimu akatusomea darasa zima kwa sauti. 'Mnyapara aliyewakabidhi wenzake saba kwa menejimenti, na hivyo kuuvunja mgomo wa kiwanda cha vigae.' Halafu jina lake, Mama. Lake, la baba yake na la babu yake, yote matatu. Wenzangu wakageuka kuniangalia. Mwalimu akaniuliza, huyu ni jamaa yako? Nikasema simjui."

Hapo ndipo alipoanza kulia. Fundi alimtazama mwanawe akilia, naye badala ya kumbembeleza alijikuta anatazama ukuta juu ya mlango. Kulikuwa na cheti pale, ndani ya fremu ya kioo: "Kwa shukrani, kwa mchango wako katika kuhifadhi urithi wa ukanda wetu." Picha ile waliipata kwake. Aliwapelekea yeye mwenyewe, kwa miguu yake miwili, siku kituo kilipopita mtaani na kipaza sauti kuwaomba watu walete vitu vya wazee wao. Alivaa gauni la sikukuu. Akaitoa picha ya baba yake akiwa kijana, amesimama mbele ya tanuri la vigae, mikono imejaa vumbi jekundu hadi viwikoni. Wakampigia makofi, wakampa soda na cheti, na yeye akarudi nyumbani kichwa juu.

"Acha kulia," alisema, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Ni uongo huo. Kesho nakwenda kukiondoa."

Chumba cha mzee kilikuwa hatua nne tu kutoka hapo, na mlango ulikuwa wazi.

Kesho yake asubuhi alifunga cherehani, akamwomba jirani amwangalie mzee, akaenda. Kituo kilikuwa jengo jipya mwishoni mwa uwanja wa chuo, vioo vitupu, na juu ya mlango maandishi makubwa: HISTORIA NI YA WATU WOTE. Msichana wa mapokezi alimtazama kuanzia viatu.

"Wasafishaji wanapitia mlango wa nyuma, dada."

"Mimi si msafishaji. Nimekuja kuonana na mkuu wenu."

"Una miadi?"

"Nina baba ukutani kwenu."

Msichana hakujua aandike nini kwenye daftari la wageni. Akamkatia tiketi.

Ukumbi wa pili ulikuwa na baridi ya mashine, na taa zilizoelekezwa ukutani tu, hata mtu akitembea haoni miguu yake. Baba yake alikuwa pale, kijana mwenye shingo nene, anacheka na mpiga picha. Chini ya kicheko kile waliweka kibao cha plastiki nyeusi chenye maandishi meupe. Alikisoma mara tatu. Alitafuta kosa la jina, akalitafuta kwa hamu, maana kosa la jina lingemaanisha ni mtu mwingine. Jina lilikuwa sahihi. Aliwatamkia yeye mwenyewe, herufi kwa herufi, siku ile ya soda.

Ukuta wa pili, akitazamana na baba yake, alikuwapo meneja wa kiwanda. Yeye hakupigwa picha, alichorwa kwa rangi za mafuta, ndani ya fremu ya dhahabu. Kibao chake kilikuwa kirefu. Mwanzilishi wa viwanda katika ukanda. Mpenzi wa muziki. Aliwajengea wafanyakazi wake zahanati ya kwanza. Kuhusu mgomo, hakuna neno.

Mkurugenzi wa kituo alimpokea vizuri, na wema ule ulimkera zaidi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, shati lililopigwa pasi na mtu mwingine. Alimwita mama, akamkaribisha kiti, akaagiza maji.

"Nimekuelewa kabisa mama yangu. Kabisa. Ni jambo linalogusa hisia. Lakini sisi ni watafiti. Sisi tunafuata nyaraka."

"Nyaraka gani?"

Alimwonyesha nakala ya barua. Ilikuwa imepigwa taipu, imefifia, na sahihi chini yake. Ilimtaja baba yake kwamba "ametoa ushirikiano" na ilipendekeza apewe unyapara.

"Na aliyeandika hii barua ni nani, Dokta?"

"Meneja."

"Kwa hiyo meneja akisema, ni historia. Baba yangu akisema?"

"Tungefurahi sana kumsikia baba yako."

"Baba yangu hasemi. Amepooza."

"Pole sana," alisema mkurugenzi, na ni kweli alionekana kusikitika, kama mtu aliyekosa gari. "Unaona sasa ugumu wetu."

"Lakini alishasema! Alikuja mwanafunzi wenu, miaka sita iliyopita, na mashine ya kurekodi. Alikaa naye chumbani mchana kutwa. Mimi nilitumwa dukani mara mbili ili nisiwepo. Yako wapi hayo maneno?"

Mkurugenzi aliinua simu. Baada ya dakika ishirini aliingia mtunza kumbukumbu, mwanamke mwembamba aliyebeba jalada kwa mikono miwili. Rekodi ipo, alisema. Ina urefu wa saa nne na dakika kumi. Haijawahi kusikilizwa na mtu yeyote, kwa sababu fungu la kunukuu rekodi lilikwisha, na pia kwa sababu ya fomu.

"Fomu ina nini?"

Aliifungua mezani. Chini kulikuwa na visanduku viwili vilivyobanana: Nakubali rekodi itumike kwa umma. Sikubali rekodi itumike kwa umma. Baba yake hakujua kuandika, akaweka dole gumba. Na dole la mtu aliyekanda udongo wa vigae tangu ujana wake si dole la kukaa katika kisanduku kilichopimwa kwa kalamu za wasomi. Lilikuwa limetapakaa juu ya vyote viwili, pana na jeusi.

"Hatujui alikubali au alikataa," alisema mtunza kumbukumbu kwa aibu kidogo. "Kwa hiyo iliwekwa kabatini."

"Miaka sita? Nyumbani mnapajua. Alikuwa bado anaongea. Kumuuliza tu, Mzee, ulikuwa unasemaje hapa, kulikuwa na ugumu gani?"

Mkurugenzi alisogeza glasi ya maji karibu naye.

"Mtoto wa kuzaa anaruhusiwa kusikiliza," alisema hatimaye. "Hapa hapa, bila kunakili. Utuletee tu uthibitisho kwamba wewe ni mwanawe."

Fundi alicheka kicheko kikavu. "Siku ya kuchukua picha hamkuniuliza uthibitisho."

Barua ya uthibitisho ilimla siku tisa. Ofisi ya mtaa ilimpeleka ofisi ya kata, kata wakamrudisha mtaa kwa kuwa muhuri ulikaa upande. Karani mmoja alimwambia, bila hata kuinua macho kutoka kwenye simu yake, kwamba kila mtu siku hizi anataka kuwa mtoto wa mtu. Na huko mtaani mambo yalikuwa yanachacha. Wanafunzi walikwisha peleka habari majumbani mwao, na katika kibao kile kulikuwa na orodha ndogo ya wale saba waliofukuzwa. Watu walisoma majina ya babu zao. Vijana ambao juzi walikuwa wanamsukumia mzee kiti chake cha magurudumu kwenda kuota jua, leo walipita wakitazama pembeni. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla ya kushonwa. Asubuhi moja walikuta ukuta wa mbele umeandikwa kwa mkaa, MSALITI, herufi ndefu kama mtu. Aliyefanya alijulikana saa hiyo hiyo: mjukuu wa Bibi Kona, kijana fundi wa pikipiki, hata mikono hakuwa amenawa.

Bibi Kona alikuwa mjane wa mmoja wa wale saba. Aliitwa hivyo kwa sababu ya nyumba yao iliyokaa kwenye kona ya mtaa. Fundi alimshonea mwanamke huyo nguo zake zote. Sasa alipita mbele ya kona ile kwa upande wa pili wa barabara, ameinamisha kichwa, na kila hatua akijiambia: subirini tu. Nitawaletea maneno ya baba yangu mwenyewe, na nyote mtakuja kumwomba radhi.

Ndani ya nyumba binti alikuwa hamlishi tena babu yake. Alisema ana kazi za shule. Mzee alilishwa na fundi, kijiko baada ya kijiko, na macho yake yalikuwa hayatoki mlangoni.

"Usijali, Baba," fundi alimwambia. "Ukweli wako nimeupata. Wameufungia tu kabatini."

Mzee alifunga macho. Fundi alidhani ni shukrani.

Chumba cha kusikilizia kilikuwa kidogo, hakina dirisha. Mtunza kumbukumbu alimvisha vifaa vya masikioni, akambonyezea kitufe, akavaa vingine yeye mwenyewe, akakaa pembeni kwa mujibu wa taratibu. Na baba yake akaongea.

Fundi hakuwa amejitayarisha kwa hilo. Miaka miwili hakuisikia sauti ile, na sasa ilikuwa ndani ya kichwa chake, nzito, yenye kikohozi chake na tabia yake ya kusema "sasa kijana" kila anapobadilisha habari. Saa mbili za kwanza zilikwenda kwenye udongo na moto. Alieleza jinsi meneja alivyowalazimisha kuingia tanurini kupakua vigae kabla halijapoa, ili vitoke haraka, na jinsi mwenzao mmoja alivyoanguka humo ndani wakamtoa ngozi imebaki ukutani. Ndiyo wakagoma. Fundi alikuwa anatikisa kichwa kwa fahari. Kisha sauti ikashuka.

"Sasa kijana, funga ule mlango. Ilikuwa wiki ya tatu ya mgomo. Mwanangu wa pekee, miaka mitatu, alishikwa na kifua. Hapumui, anakoroma tu. Nikambeba hadi zahanati ya kampuni. Muuguzi akasema, watoto wa wagomaji hawapokelewi, ni agizo. Nikampigia magoti. Akaenda kumwita meneja mwenyewe. Alikuja na karatasi. Hakufoka hata kidogo, wewe. Akaniambia, nitajie waliokaa kikao cha mgomo, ukimaliza mlango huu utafunguliwa. Nikataja."

Mashine ilivuma.

"Nilitaja saba. Wa saba alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Ndipo akafunga kalamu, akasema inatosha. Mtoto akachukuliwa, akachomwa sindano. Alfajiri wale saba wakatupwa nje ya nyumba za kampuni na wake zao, vyombo kwenye matope, mvua inawanyeshea. Mimi wakanipa unyapara. Niliushika siku tisa. Ya kumi nikauacha, nikaenda kwa mmoja mmoja pale walipohifadhiwa. Nikasema, ni mimi. Wawili walinipiga hadi nikazimia. Sikuinua mkono. Baadaye wakaniita wote saba, na wake zao wamekaa pale, wakanihukumu. Walisema, hutahama. Utakaa hapa hapa tukuone, na utatujengea. Nilijenga nyumba saba, kijana, jioni na siku za mapumziko, kwa mikono hii, miaka minne. Ya mwisho ni ile ya pale kona. Siku niliyomaliza kuezeka tulikula pamoja. Tukakubaliana: imekwisha, na watoto wasirithi. Atakayemwambia mtoto amevunja kauli yetu sote."

Sauti ya mwanafunzi ikauliza: "Kwa hiyo, Mzee, mbona unaniambia mimi?"

"Kwa sababu yule wa saba amekufa mwezi uliopita, na mimi nilitaka iwe imesikiwa na mtu mmoja kabla sijamfuata. Mmoja tu. Usiipeleke kwa watu."

"Sawa, Mzee. Basi weka dole hapa."

Fundi alivua vile vifaa. Mtoto aliyekoroma alikuwa yeye. Mama yake alishamsimulia mara nyingi kwamba alinusurika kwa sindano moja tu. Hakusimuliwa bei ya sindano. Na nyumba zile saba! Maisha yake yote alijua kwamba baba yake ndiye aliyezijenga, na kila alipoulizwa sababu alijibu kwa majivuno, baba yangu ana moyo wa kusaidia watu.

Alitaka kumchukia mtu pale pale. Alijaribu kumchukia baba yake, akashindwa, maana hewa aliyokuwa anaivuta ilinunuliwa na baba huyo huyo. Hasira ikazunguka mle chumbani ikitafuta pa kutua, na ilipotua, ilitua juu ya fremu ya dhahabu.

Mkurugenzi alikuwa amekwisha sikia dondoo kutoka kwa mtunza kumbukumbu, na alimjia fundi kwenye korido mikono imetanuliwa.

"Mama yangu, hii ni dhahabu! Unaelewa mlichonacho? Hukumu, fidia, mapatano ya watu wenyewe! Tutaweka kona nzima. Sauti yake itasikika ukumbini. Na kibao tutakiongezea, kwamba alifanya hivyo kumwokoa mtoto. Na mtoto ni wewe, uko hai! Tutakupiga picha."

"Alisema isipelekwe kwa watu."

"Alisema kwa mdomo. Fomu haiko wazi. Wewe kama mwangalizi wake unaweza kutusainia mpya, leo hii."

"Kiondoeni kile kibao kwanza."

Mkurugenzi alikunja uso kwa upole. "Lakini, mama, si sasa umesikia mwenyewe? Kibao kinasema kweli."

Mtunza kumbukumbu aliona haya, akaondoka.

"Ni kweli," alisema fundi. "Alitaja. Sasa nataka nikuulize, Dokta. Aliyesimama mlangoni mwa zahanati na kalamu, mtoto anakufa, huyo kibao chake kinasemaje? Si kinasema alijenga zahanati?"

"Hilo ni suala pana zaidi."

"Pana vipi?"

"Familia yake... wajukuu wake ndio walioufadhili ukumbi ule. Kuna makubaliano kuhusu namna ya kumwonyesha."

"Ala! Kwa hiyo makubaliano yao mnayaheshimu."

"Usilichukulie hivyo."

"Baba yangu naye alikuwa na makubaliano. Watu wanane. Yamedumu miaka hamsini bila karatasi. Nyinyi mmeyavunja kwa kibao cha plastiki, na mwanangu amemkana babu yake mbele ya darasa. Sisaini. Mkanda wenu kaeni nao kabatini, huko mnakujua."

Alitembea hadi nyumbani kwa miguu, na njiani watu waliona mwanamke anaongea peke yake. Hakuingia kwake. Alikwenda moja kwa moja hadi kona, akabisha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ndiyo kwanza leo unakumbuka njia ya kwangu?"

Alikuwa amejipanga aanzie mbali. Ilimtoka yote kwa mkupuo, amesimama pale pale kizingitini. "Bibi, nimekuja kusema kwamba ni kweli. Baba alimtaja mumeo. Alimtaja kwa ajili yangu. Sikujua. Naapa sikujua."

Bibi Kona alimshika mkono akamvuta ndani, akafunga mlango kwa kishindo.

"Nani kakwambia?"

"Nimemsikia mwenyewe, kwenye mashine."

"Na aliyekibandika kile kibao alimuuliza nani? Mimi niko hapa. Nina masikio, nina ulimi, sijahama. Aliniuliza?" Kikongwe akaupiga ukuta kwa kiganja. "Mtoto wangu wa kwanza alikufa kwa baridi ya usiku ule, umeelewa? Alikuwa na wiki sita. Mimi ndiye niliyekuwa na haki ya kumchukia baba yako, na nilimchukia, wala usidhani ni mchezo. Miaka minne nilimwangalia akipandisha ukuta huu na sikumpa hata maji. Siku ya mwisho nikampa. Nikampa mimi, kwa mkono wangu huu. Sasa mtu na shahada zake anakuja kunifufulia mtoto wangu ili wageni wapite wakitazama?"

Akamwita mjukuu wake kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Kijana alikuja anafuta mikono kwa kitambaa.

"Chukua ndoo na sabuni. Ukafute ulichoandika. Ukimaliza uingie ndani ukamsalimie yule mzee, umshike na mkono."

"Lakini Bibi, si ndiye aliyemuuza babu?"

"Aliyemuuza ni yeye, na aliyeezeka paa unalolalia ni yeye. Sisi tuliomdai tumeshalipwa. Wewe unamdai nini?"

Jioni ile fundi alimkalisha binti yake kwenye kitanda cha mzee, akamweleza yote, hakupunguza wala hakupamba. Mzee alikuwa anasikia. Machozi yalimtiririka upande mmoja tu, ule ambao bado ulikuwa wake, na mkono wake mzima ukawa unajaribu kuvuta shuka hadi usoni.

"Ningekuwa mimi ndiye mama wa nyumba ile," binti alisema, akimaanisha ile ya kona, "nisingesamehe."

"Hata mimi," alisema fundi. "Ndiyo maana hukumu haikuachiwa sisi."

Binti aliishusha ile shuka kutoka usoni mwa babu yake, taratibu, akamfuta.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi kituo huwaruhusu wananchi kuingia bure. Saa mbili na nusu walikuwa mlangoni: Bibi Kona na fimbo yake, fundi na binti yake, na watoto na wajukuu kutoka zile nyumba nyingine sita, ambazo Bibi Kona alizipitia moja moja akiwaambia kwa kinywa chake kile alichokuwa ameapa kutowaambia kamwe. Baadhi walikuja wamenuna. Mmoja alisema wazi kwamba yeye hajamsamehe mtu, amekuja kwa ajili ya Bibi tu. Kijana wa pikipiki alimsukuma mzee kwenye kiti chake hadi kwenye ngazi, hapo mzee akatikisa kichwa. Hakutaka kuingia. Walimwacha kivulini, kijana akabaki naye.

Walikwenda hadi ukumbi wa pili, wakajipanga mbele ya picha, migongo imegusa ukuta. Hawakupiga kelele, hawakubeba bango. Walisimama tu. Aliyeingia aliona kijana wa zamani anacheka juu ya vichwa vyao, basi. Chini hakuonekana kitu isipokuwa watu.

Saa nne liliingia basi zima la wanafunzi. Mwalimu wao alitafuta pa kusoma, akakosa. Mlinzi akaombwa awasogeze. Akawatazama mmoja mmoja, akasema hakuna sheria inayokataza mtu kusimama. Ndipo mkurugenzi akaja, anatembea haraka, jasho kwenye paji la uso pamoja na ile baridi yote.

"Ndugu zangu, jamani. Mnazuia umma kusoma."

"Sisi ni nani?" aliuliza fundi.

Mkurugenzi aliona kwa huyo hapati kitu, akamgeukia kikongwe. Aliinama kidogo, kwa heshima. "Bibi, hebu nisikilize. Nyinyi ndio mliodhulumiwa na mtu huyu. Kibao kile kinawatetea nyinyi."

"Tulikutuma?"

Mkurugenzi alitazama ukuta wa pili, kwenye fremu ya dhahabu, kama vile alikuwa anaomba msaada huko, kisha akatazama saa. Alisema kamati itakaa. Alisema mwezi wa nane, pengine wa tisa. Fundi alimjibu kwamba wao wanakuja kila Ijumaa ya bure, na siku nyingine watalipia, wakipokezana.

Kufikia adhuhuri miguu ya Bibi Kona ilikuwa inatetemeka waziwazi chini ya kanga. Fundi alimshika kiwiko upande huu, binti upande ule. Mlinzi alishindwa kuvumilia. Alikwenda kwenye lindo lake, akarudi amebeba kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele ya kikongwe na kukifuta kwa mkono wa shati.

"Kaa Bibi yangu. Utaanguka."

Bibi Kona alikitazama kile kiti kwa hamu isiyofichika. Kisha akageuza shingo, akapima kwa jicho kimo cha kibao nyuma ya bega lake.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Nikikaa, kinasomeka."